Hatua Mia Moja Arobaini na Tatu

Baba yangu alikuwa na vidole vinane. Viwili vya mkono wa kushoto, cha mwisho na jirani yake, vilibaki kwenye mashine ya mkono ya kumenyea kahawa kabla hajamwoa mama. Akiulizwa, alisema aliweka mkono akatoa nusu, na mazungumzo yaliishia hapo. Hakuwa mtu wa kujihurumia. Alijenga nyumba juu kidogo ya Itaka, akapanda mibuni mteremko mzima, akatulea mimi na kaka yangu. Kwa zaidi ya miaka arobaini niliamini kwamba vile vidole vilimnyima kitu kimoja tu, mahali pa kuvaa pete ya ndoa.

Katika ukoo wetu alijulikana kwa ukimya na kwa namba kubwa. Hivyo viwili havikai pamoja kwa kawaida. Watu wanaotia chumvi huwa ni waongeaji. Baba alikuwa akinyamaza wiki nzima, kisha akiulizwa amevuna debe ngapi za kahawa anajibu, "Moja-mbili." Alizitaja tarakimu mojamoja hivyo, kwa sababu alifika darasa la pili tu, na sisi tulidhani maneno kama kumi na mbili yalimpita. Karani wa chama cha msingi cha wakulima akipima anakuta debe kumi. Watu wanacheka. Mwaka unaofuata anasema mbili-nne, zinapimwa zinakuwa ishirini. Hakubishana hata mara moja. Alikunja magunia yake akarudi nyumbani, na nyuma yake wakaendelea kucheka. Nilikuwa nikiona aibu kweli, aibu ya mtoto ambaye anajua kwamba kesho shuleni atataniwa kwa namba za baba yake.

Alikuwa na namna yake ya kuhesabu. Aligusa vidole kimoja kimoja, na vikiisha alihamisha punje ya harage kutoka mfuko wa kulia wa suruali kwenda wa kushoto. Punje zikijaa kushoto, alizirudisha zote kulia na kuweka moja kwenye mfuko wa shati. Mwishoni alitazama mfuko wa shati, akatazama mfuko wa kushoto, akatazama vidole, akaandika. Mfuko mtupu aliuandikia sifuri. Nimeyaona haya mara nyingi kuliko nilivyomwona akila, na sikuwahi kuuliza mfuko unajaa kwa punje ngapi.

Nikiwa darasa la nne nilimkuta akiandika nyuma ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa, mahali alipoweka kumbukumbu zake zote. Siku ile alikuwa akipanda miche ya kahawa, na kila akimaliza mche alikuja kuandika. Aliandika sabini na tano, sabini na sita, sabini na saba. Mche uliofuata akaandika mia moja. Nilimwambia kwamba baada ya sabini na saba inakuja sabini na nane. Alinitazama, akautazama mkono wake wa kushoto, akasema, "Huko kwenu shuleni." Nikaenda kumsimulia kaka yangu na tukacheka mpaka tukakaa chini. Leo mimi ni mwalimu wa hesabu, nafundisha sekondari hapa Tunduma, na kile kicheko bado nakikumbuka.

Baba alifariki kwanza, akazikwa kwenye makaburi ya ukoo, ng'ambo ya barabara. Miaka michache baadaye mama akaanza kuumwa tumbo, nikamchukua akae kwangu Tunduma karibu na hospitali. Hakuupenda mji huu. Dirisha la chumba chake lilitazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na vumbi lake lilimfanya akohoe. Daktari alinieleza ukweli mapema, na nadhani mama aliusoma usoni kwangu, kwa sababu jioni ileile aliniambia nikae kitandani.

Alinisimulia jambo ambalo sikulijua. Kabla ya kaka yangu alizaa mtoto mwingine, wa kiume, na mtoto akaishi siku tatu. Kwa desturi ya ukoo wetu wakati ule, mtoto wa namna hiyo hakuliliwa na hakupelekwa makaburini. Baba mtu alimchukua peke yake akamzika shambani, na mama mtu hakuruhusiwa kutoka ndani wala kuoneshwa mahali. Baba aliondoka na mtoto amemfunga kwenye kanga. Mama alibaki kwenye kitanda cha kamba akisikiliza jembe. Alilisikia vizuri, aliniambia, pigo kwa pigo, mpaka lilipoacha. Baba aliporudi alinawa, akachukua kitabu cha nyimbo, akaandika namba. Akamwambia mama kuwa ni hatua moja-nne-tatu kutoka kizingiti cha jiko, kufuata mstari wa mibuni bila kukata kona, na siku atakayotaka kwenda atampeleka.

Hakuwahi kutaka. Miaka yote ile alipalilia shamba hilohilo, na kila alipoinua jembe aliogopa. Alichotaka kilikuwa kingine.

"Mimi nimelala na baba yako maisha yangu yote," alisema. "Yule mtoto hajalala na mtu. Nikifa, mama, nilaze naye."

Mama aliniita mama tangu nikiwa mdogo, kama wazazi wengi wanavyowaita binti zao, lakini jioni ile neno lilinielemea. Nikamwahidi. Alifariki kabla mvua za mwaka huo hazijakolea, na tukampeleka Itaka.

Baba mdogo, ndugu pekee wa baba aliyekuwa hai, alikasirika. Alisema mke hulazwa ubavuni mwa mume, na kwamba nikimtupa mama katikati ya mibuni watu watasema aliachika. Nilimjibu kwa heshima kwa muda mrefu na bila heshima kwa muda mfupi. Mchungaji ndiye aliyetuamua. Alisema ombi la marehemu si dhambi, na kama mahali panajulikana basi tukamzike. Ndipo nikatoa kitabu cha nyimbo. Kwenye ukurasa wa ndani wa jalada, juu kabisa, kwa wino uliofifia, palikuwa na 143 na msalaba mdogo.

Baba mdogo aliitazama ile namba. Hasira ilikuwa imemtoka, alikuwa amechoka tu.

"Basi kama ni lazima, punguzeni," alisema. "Kaka alikuwa anazidisha. Kila mtu hapa anajua."

Wazee wawili wakatikisa vichwa wakikubali. Sijui niseme nini juu ya hasira iliyonipanda. Mama yangu amelala kwenye jeneza chumba cha pili, na hawa wanarudia utani wa chama cha msingi.

"Baba mdogo, baba hakuwa mwongo," nikasema. "Na mimi ndiye mwalimu wa hesabu hapa. Imeandikwa mia moja arobaini na tatu, tutapima mia moja arobaini na tatu."

Nilijisikia vizuri, nakiri. Nilikuwa nimemtetea baba yangu mbele ya watu waliomcheka, na sikujua kwamba mtu pekee aliyekuwa karibu na ukweli chumbani mle ni yule niliyemnyamazisha.

Kazi ya kupima niliifanya kwa uangalifu wa kitaalamu. Jiko la zamani lilikuwa limebomolewa lakini msingi ulikuwepo, nikakitafuta kizingiti na kukipata. Nikafikiria urefu wa hatua, jambo ambalo mtu asiye mwalimu asingelifikiria. Kaka yangu ana kimo cha baba na alikuwa akirithi viatu vyake bila kubadilisha soli, kwa hiyo nikamtaka atembee yeye. Nikamwambia asiende haraka, atembee kama mtu aliyebeba kitu. Akanitazama, akakunja mikono kifuani, akaanza. Mimi nyuma nikihesabu. Hata nilikumbuka, huku nikihesabu, kwamba mia moja arobaini na tatu ni kumi na moja mara kumi na tatu. Akili yangu ina tabia hiyo ya kuchezea namba hata msibani.

Tulipita mibuni yote, tukavuka mgongo wa kilima, tukashuka upande wa pili kuelekea kijitoni, na hatua ya mwisho ikatufikisha kwenye mikaratusi ya mpakani. Pale ndipo mimi na kaka tulipokuwa tukijificha utotoni ili tusitumwe, kwa sababu mama angeweza kuita mpaka sauti imkauke na tusisikie. Nilisimama mahali penye kumbukumbu hiyo, nikakata kijiti, nikakichomeka.

Vijana waliochimba walihangaika. Chini ya shibiri moja ya udongo mwekundu walikuta changarawe nyeupe ngumu, ikabidi waende kutafuta sururu. Mmoja wao alitoka shimoni akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hapa hapajawahi kuguswa." Nikamwambia ni zaidi ya miaka hamsini, ardhi inajifunga. Akarudi shimoni.

Siku ya mazishi tulilazimika kukata mibuni mitatu ili jeneza lipite, kwa kuwa mistari ya baba ilikuwa imebanana. Njia ilikuwa ya utelezi na wabebaji walikuwa watu wazima, kaka yangu mbele. Karibu na mibuni ile iliyokatwa pana tambarare kidogo, mahali ambapo baba alikuwa akikaa kupumzika wakati wa kupalilia. Wabebaji wakaomba kubadilishana mabega, wakaliweka jeneza chini. Mmoja akafuta jasho, mwingine akatafuta kiatu chake kilichonasa kwenye tope. Wanawake waliokuwa wakiimba wakashusha sauti wakingoja. Mimi niliangalia wingu lililokuwa likija kutoka upande wa Hasamba, nikaona tutanyeshewa kaburi likiwa wazi.

"Mwinueni twende," nikasema. "Bado hatua arobaini na kidogo."

Wakamwinua. Tukamzika kabla ya mvua, na niliporudi Tunduma nililala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Nilikuwa nimetimiza ahadi.

Nililala vizuri kwa mwaka mmoja na nusu. Kisha mwalimu wa kompyuta wa shule yetu akahamishwa, na mkuu wa shule akaniomba nishike vipindi vyake, akisema mambo mengi mle ni hesabu tu. Moja ya mada ni namna ya kuandika namba bila kutumia makumi. Tumezoea kukusanya vitu kumi kumi kwa sababu tuna vidole kumi, lakini unaweza kukusanya viwili viwili, au vinane vinane, na namba ileile ikavaa sura nyingine. Ukikusanya kwa nane, tarakimu nane na tisa hazionekani kamwe. Baada ya saba unaandika moja na sifuri. Nilikuwa nimeyasoma haya chuoni, nikafaulu mtihani wake, nikayasahau.

Niligeukia ubao nikaanza kuwaandikia wanafunzi mfululizo mrefu waone mkondo wake. Nikaandika 75, nikaandika 76, nikaandika 77. Chini yake nikaandika 100.

Mkono ulibaki pale pale. Nilisikia wanafunzi nyuma yangu wakiacha kuandika, mmoja mmoja. Niliwaambia wafanye zoezi lolote wanalolitaka, nikatoka nje, nikaenda kukaa kwenye ngazi za choo cha walimu ambako hakuna anayekufuata.

Kitabu cha nyimbo kilikuwa kwenye droo yangu nyumbani. Nilikipitia mara mbili, kurasa zote za nyuma, na nilipomaliza nikakipitia tena kidole juu ya kila mstari. Mibuni, mizinga ya nyuki, mikungu ya ndizi, siku ambazo ng'ombe amebeba mimba. Namba za miaka zaidi ya arobaini za mtu mmoja. Hapakuwa na nane. Hapakuwa na tisa hata moja.

Sasa kila kitu kilikaa mahali pake, na kilivyokaa ndivyo kilivyoniumiza. Vidole vinane kisha punje moja. Punje nane kisha moja kwenye shati. Moja-mbili yake ilikuwa nane na mbili, yaani kumi, debe zilezile alizopima karani. Mbili-nne ilikuwa ishirini. Baba hakuzidisha debe hata moja katika maisha yake yote. Mpaka saba namba zake na zetu zilifanana, na kuanzia nane za kwake zilionekana kubwa, kila wakati, bila kukosa. Ndiyo maana wakamwita mtia chumvi. Alikuwa akisema kweli kwa vidole alivyobaki navyo, na hakuna kati yetu aliyemuuliza. Wala mimi, niliyesomeshwa kwa kahawa yake.

Niliikwepa ile hesabu ya mwisho kadiri nilivyoweza. Nilipika, nikafua, nikapiga pasi. Kisha nikachukua kalamu. Moja kwenye mfuko wa shati ni sitini na nne. Nne kwenye mfuko wa kushoto ni thelathini na mbili. Vidole vitatu. Jumla tisini na tisa. Namba yenye tisa mbili, ambayo baba hakuwa na njia ya kuiandika.

Nilimpigia kaka yangu simu, nikamweleza. Hakuelewa mara ya kwanza, nikamwambia achukue maharage jikoni na akunje vidole viwili vya kushoto, tukafanya pamoja kwenye simu mpaka akaipata tisini na tisa mwenyewe. Kisha akaniuliza kama mama anaweza kuhamishwa. Nilikuwa nimeshauliza. Kufukua kaburi kunahitaji kibali cha mahakama, na mahakama ingetaka ridhaa ya ukoo, na ukoo sasa ni baba mdogo. Nilikwenda kwake mwenyewe na kile kitabu. Alinisikiliza, akaniomba nirudie ile ya moja-mbili, nikarudia. Akalia, mzee yule, akisema jina la utoto la kaka yake. Nilimwomba msamaha kwa siku ile ya kikao. Kuhusu kibali akakataa. Alisema amezika watu wengi na hajawahi kumfukua hata mmoja, na hataanza na shemeji yake kwa ajili ya kosa la watu waliosoma.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo kaka na mimi tukaenda kwenye msingi wa jiko. Sikumwambia atembee vipi. Alikunja mikono kifuani mwenyewe, akaanza kushuka na mstari wa mibuni. Nilihesabu kwa sauti ya chini. Hatukufika kwenye mgongo wa kilima. Tulikuwa bado upande wa nyumba, upande ambao mtu aliyelala ndani anaweza kusikia jembe, na mama alikuwa ameniambia alilisikia, na nilikuwa nimelisikia neno lake bila kulipima.

Tisini na saba. Tisini na nane. Kwa hatua ya tisini na tisa kaka akasimama kwenye tambarare.

Visiki vya mibuni mitatu tuliyoikata vilikuwa vimechipua kufikia gotini. Hapo ndipo baba alipokuwa akija na chakula chake cha mchana, kila siku ya palizi, akakaa juani wakati kivuli kiko hatua kumi kutoka hapo. Tulikuwa tukimwona kutoka nyumbani na kusema mzee ana mambo yake. Nikamwonesha kaka ile sehemu, lakini hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akitazama miguu yake, na mkono wake wa kulia ulikuwa umepanda begani pasipo yeye kujua.

"Tulimweka chini hapa," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Tulikaa muda gani?"

Nilijaribu kukumbuka. Mtu mmoja akifuta jasho, mwingine akitafuta kiatu chake kwenye tope, wanawake wakiimba kwa sauti ya chini. Nikamwambia haukuwa muda mrefu. Wabebaji walikuwa bado wamechoka, na wangeweza kukaa zaidi, ila mimi niliwaambia wamwinue.